Kipande Kilichofutwa

Kilijibu kabla hajakiuliza.

Kikombe cha mjaribu wa mifumo hakikufika mdomoni. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha vipande vya programu kwenye mfumo mpya wa kompyuta wa hospitali vinaelewana: cha usajili kiulize kundi la damu la mgonjwa, cha maabara kijibu. Cha maabara kilichelewa, hivyo kwa wiki tatu aliweka cha bandia mahali pake, kisichojua lolote, kinachojibu "O" kwa kila mgonjwa. Jana, cha kweli kilipoletwa, alikifuta hicho cha bandia kwa mkono wake.

Sasa hicho kilichofutwa kilijibu "AB". Jina la mgonjwa lililoandikwa pembeni lilikuwa la mdogo wake wa kike, aliyekuwa anapasuliwa mchana huo ili ajifungue. Mdogo wake ni B.

"Bosi," alinong'ona mlangoni, "kile kipande nilichofuta kinajibu. Mfumo umeshawashwa hospitalini?"

"Tangu asubuhi. Kinajibu, si ndiyo? Basi kimepita. Weka tiki, mama, usitucheleweshe."

"Hatujavijaribu vyote pamoja! Nimekuandikia mara nne!"

"Kimoja kimoja vilipita."

Hasira zilimpanda hadi masikio yakawaka. Mtu mzima, tai shingoni, anatia tiki kwenye uhai wa watu kama anayehesabu viti!

Aliporudi mezani harufu ya damu mbichi ilikuwa imetanda, ikitoka kwenye matundu ya kompyuta pamoja na hewa ya moto, na ndani yake kulisikika pumzi nzito ya kitu kilichopata nafasi aliyoitengeneza yeye, nafasi tupu inayoitika kila ikipigiwa hodi, kikahamia humo, kikaizoea, na sasa hakina mpango wa kutoka.

Alipiga simu wodini.

"Sista, mdogo wangu asitundikiwe damu! Mpimeni upya kwa mkono, msiamini kompyuta!"

"Mfuko umeshaletwa, dada. Imeandikwa AB... Subiri."

Alisubiri, roho mkononi.

"Ni B," sista alisema. "Mungu wangu, tungemuua."

Mjaribu aling'oa waya wa umeme ukutani huku akilia kwa ghadhabu. Kioo hakikuzimika. Maneno yalijiandika: "Huyo umeninyang'anya. Lete mwingine."

"Kimejibu?" bosi aliita kutoka ofisini kwake.

"Sitii sahihi!" alifoka. "Nifukuze leo hii, sitii!"

"Sahihi gani tena? Ripoti yako nimeshaipata. Tiki zote, na jina lako chini."

Hakuwa ameandika ripoti yoyote. Mezani, simu yake ilianza kuita: wodini.