Kiungo cha Kushoto

Mama Kifungo alikuwa anakamua shuka la pili mumewe alipoingia uani akimvuta mtoto mkono, jasho likimtiririka.

"Gari limetetemeka tena," mume akasema. "Kona ya shuleni, ile ya kushoto. Usukani umenirukaruka mikononi kama kuku anayechinjwa."

Alikuwa fundi magari, na wiki nzima alikuwa analitibu gari lake mwenyewe bila mafanikio. Alibadilisha tairi za mbele, akapima balansi, akakaza kila boliti. Likipinda kulia, kimya. Likipinda kushoto, lilitetemeka mpaka vioo vikalia.

Mkewe hakuwa anasikiliza. Alikuwa anamtazama Kifungo, binti yao wa pekee, mwenye miaka sita. Nyusi yake ya kushoto haikuwepo. Haikunyolewa. Ngozi ilikuwa laini, inang'aa, kama mahali ambapo nywele hazijawahi kuota.

"Nani kakunyoa?"

"Hakuna mtu, mama. Gari lilipotetemeka niliwashwa tu."

Jumatatu lilitoweka jino, tena jino ambalo halikuwa limelegea. Jumatano ukawa msuko mzima wa nyuma ya sikio, na mama akawalaumu watoto wa shuleni. Sasa aliliachia shuka likaanguka kwenye tope.

"Nimesema tangu juzi," akanong'ona mama mkwe mlangoni mwa jiko. "Hilo gari linanuka. Mkanijibu pua yangu imezeeka."

"Mama, gari halina mdomo," fundi akasema.

"Halina mdomo, lakini mjukuu wangu hana nyusi."

Fundi akachukua jeki, akainua gari upande wa kushoto, akatoa tairi. Alipozungusha kitovu cha gurudumu kwa mkono, kikalia ka, ka, ka, kama mtu anayetafuna mfupa. Nyuma yake, mpira unaofunika kiungo cha shafti ulikuwa umevimba kama tumbo la mbwa aliyekufa barabarani.

"Huu niliuweka mwenyewe mwezi huu," akasema polepole. "Na kiungo ni kipya."

Alikata kamba iliyoufunga mpira huo kwa kisu. Harufu ikatoka kwanza, harufu ya nyama ya jana iliyoachwa juani, tamu na nzito, ikawakaa kwenye ulimi. Kisha grisi ikaanza kushuka yenyewe, si nyeusi bali ya rangi ya usaha, yenye joto, ikivuta nyuzi ndefu ambazo mama aliziinamia na kuona kuwa ni nywele, msuko wa mwanawe ukiwa umezungushwa kwenye gololi mara kumi, na katikati ya gololi jino dogo jeupe, na juu ya jino ngozi nyembamba iliyokuwa ikipanda na kushuka, ikipanda na kushuka, kama koo la mtu anayemeza mate.

"Mama," kikasema kile kitu, kwa sauti ya Kifungo.

Kifungo alikuwa nyuma ya mama yake, amefunga mdomo.

Mama Kifungo alitapika pale pale, akajifuta kwa kanga, kisha akamgeukia mumewe.

"Grisi hii uliitoa wapi?"

"Iliniishia nikiwa kazini."

"Nimekuuliza uliitoa wapi!"

"Kwa muuza spea chakavu kulikuwa na gari la ajali. Nikachota kwenye kiungo chake. Grisi ni grisi, mke wangu."

"Na dereva wake?"

Fundi akaangalia chini. "Alikufa."

Mama mkwe alikwenda mwenyewe kumwita mwosha maiti wa mtaa, mama mmoja mnene asiyependa maneno mengi. Alifika na ndoo yake. Akakiinamia kiungo, akanusa, asikunje uso.

"Dereva huyo nilimwosha mimi," akasema. "Aliletwa pungufu. Niliwaambia ndugu zake wakatafute kilichobaki kwenye gari, wakasema hamna kitu. Nyama isiyooshwa haikai bure. Jini limehamia humo, nalo linataka mwili. Linaokoteza kwa mtoto."

"Tufanyeje?" mama akauliza kwa sauti ndogo.

"Mkono ulioiweka grisi hii ndio uitoe. Bila kitambaa, bila chuma. Nitakachokiita nyama mniletee kwenye ndoo."

Fundi akaingiza vidole. Gari likaanza kutetemeka juu ya jeki ingawa injini ilikuwa imezimwa, na kadiri alivyochota ndivyo kiungo kilivyombana, kikilia kwa sauti ya mtoto, kikimwita baba, kikimwomba asikitupe nje kwenye baridi, naye akilia na kuchota, kuchota na kulia, usaha ukimtiririka hadi kiwikoni, mpaka akakaza meno na kuuchomoa mkono kwa nguvu, na gari likatulia.

Mwosha maiti aliosha kilichotolewa mara tatu, akafunga kila kitu katika kitambaa cheupe, akaenda kukizika kwenye kaburi la dereva. Fundi akasafisha kiungo kwa mafuta ya taa, akatia grisi mpya, akazunguka mtaa mara nne, kila kona akikata kushoto. Gari lilipita kama maji.

Jioni mama akapakua wali na maharage bila tone la mafuta. Aliwahesabu wakiwa wamekaa: mama mkwe, mumewe, Kifungo, na yeye mwenyewe. Wanne, wote wapo. Akahesabu misuko ya Kifungo, akahesabu meno yake alipocheka. Hakuna kingine kilichopungua. Pumzi ikamtoka.

Mumewe akanyoosha mkono kuchukua wali. Kidole chake cha shahada hakikuwa na ukucha. Hapakuwa na kidonda wala damu. Ncha yote ilikuwa laini, inang'aa, na yeye akala bila kuona.

"Mbona huli?" mumewe akamuuliza.

"Nahesabu," mama akasema.