Mnunuzi wa Maembe Mabovu

Soko la Sirari lilikuwa limefurika. Wegesa, kitenge cha njano kimemkaa vyema, alikuwa akipanga maembe ya shamba la mama yake, mara kijana mrefu mwenye kofia pana akainama mbele yake.

"Dada, nataka maembe mabovu."

"Wewe mura, kijana mzima, una akili timamu? Mazuri haya huyaoni?"

"Mazuri nayaona," alisema akimtazama usoni, "ila kazi yangu iko kwenye yenye funza."

Wauzaji wa jirani waliangua kicheko. Kijana alijitambulisha: Mabula, Msukuma wa Magu, mtafiti anayezunguka Tarime na Serengeti kujua nzi wa matunda wa aina gani wako wapi. Aliondoka na maembe matano yaliyooza na namba ya simu ya Wegesa.

Wiki hiyohiyo alitundika mitego miwili shambani kwa mama yake Wegesa, Itiryo: makopo yenye dawa inayonukia. Mwezi haukuisha, wakawa hawalali bila kupigiana simu.

"Umeshinda na nzi wangapi leo, mpenzi?"

"Mia mbili. Hakuna hata mmoja mwenye sauti kama yako."

Kisha maembe yakaanza kudondoka, yamejaa funza. Majirani wakasema harufu ya makopo ndiyo inayoita nzi. Wegesa aliyakata makopo yote mawili, akayatupa korongoni, akampigia Mabula simu.

"Umetumaliza! Nilikupa shamba la mama yangu, ukatuletea nzi! Makopo yako nimeyakata!"

"Wegesa, nisikilize..."

Akakata.

Siku ya nne shangazi yake, Bernadetha, alileta kapu la maembe kutoka Nyanungu. Kwake hapakuwa na kopo lolote. Wegesa alipasua embe la kwanza: funza. La pili: funza. Uso ukamwaka kwa aibu. Alimpigia Mabula mara sita, hapatikani.

Kesho yake alivaa gauni lake la bluu la kanisani, akapanda pikipiki hadi Mbalibali, Serengeti, ambako Mabula aliwahi kumwambia angetega wiki hiyo. Alimkuta juu ya mpera, suruali imechanika gotini, anafunga kopo.

"Umekuja kukata na kopo hili?"

"Nimekuja kuomba msamaha. Nzi walikuwepo kabla yako. Nilisikiliza watu, sikukusikiliza wewe."

Mabula aliteremka kwa pupa, akakosea tawi, akaangukia nyasini miguuni pake. Walicheka mpaka machozi.

"Nami nilikosea," alisema. "Nilingoja upoe, badala ya kuja mwenyewe. Jumamosi nitakuja tuokote yaliyodondoka, tuyafunge kwenye mifuko, tuyaanike juani funza wafe. Msimu ujao mama atavuna."

"Njoo. Ila usije peke yako."

"Nije na nani? Wenzangu wa ofisini?"

Wegesa alimpangusa majani begani.

"Njoo na wazee wako."