Gari Lisilo Kofia

Fundi Kofia alishona tangu asubuhi. Alishona kofia za wanafunzi, za walinzi na za wauza maziwa. Cherehani yake ilikaa dirishani. Nje ya dirisha lilisimama gari lake jipya. Lilikuwa jipya kwake tu, maana mtu mwingine alishalitumia. Kila alipomaliza kofia moja, aliinua macho kulitazama.

"Unaogopa litatoroka?" mkewe alimwuliza. "Lifunge kamba basi, kama mbuzi."

"Acha wivu, mama watoto."

Saa nne alikwenda kituo cha mafuta kulijaza kwa mara ya kwanza. Pale kwenye pampu alikuwapo binti mwembamba, mwepesi wa kazi. Alijaza, akarudisha bomba mahali pake. Fundi Kofia akashuka kukagua. Gari lake la zamani lilikuwa na kifuniko cha kufungwa kwa ufunguo, na alizoea kukijaribu kwa mkono.

Akafungua kijimlango cha ubavuni. Akaona tundu tupu.

"Kifuniko kiko wapi?"

"Kifuniko gani, baba?"

"Cha tangi! Umekiweka wapi?"

"Sikukuta kifuniko. Nilifungua, nikaona hivihivi. Nikasukuma bomba, likaingia."

"Gari gani linatembea kichwa wazi?" Fundi Kofia alipaza sauti. "Nina miaka thelathini ya kushona kofia, leo nije nivuliwe yangu mchana kweupe!"

Madereva waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Msimamizi wa kituo akatoka mbio. Wakatafuta chini ya pampu, kwenye ndoo ya maji, mpaka chini ya magari ya watu. Hakuna kitu.

"Kama hakikuwepo, kwa nini hukusema?" msimamizi alimwuliza binti.

"Hata mimi nilishangaa, bosi."

"Ukashangaa kimyakimya? Vua sare. Siku ukileta kifuniko, utarudi kazini."

Binti akavua kizibao. Akakikunja vizuri, kona kwa kona, akakiweka juu ya kiti.

"Mzee," alimwambia Fundi Kofia, "mimi sikuchukua kitu chako. Na kazi hii ndiyo inayonilisha mimi na mama yangu."

Fundi Kofia akaondoka akiwa ameshinda. Lakini njia nzima ushindi ule ulimkaa vibaya, kama kofia ya kichwa cha mtu mwingine.

Nyumbani alimsimulia mkewe. Mkewe akacheka hadi akaketi.

"Kweli kinyozi hajinyoi! Gari la mshona kofia halina kofia!" Kisha akafuta machozi. "Hebu niambie. Uliponunua gari, ulikiona hicho kifuniko?"

"Sikufungua kuangalia."

"Sasa umejuaje kilikuwepo?"

"Kila tangi lina kifuniko, mke wangu. Hata sufuria ina kifuniko."

"Sufuria zangu mbili hazina. Nani aliniibia?"

Fundi Kofia akatoka nje kulitazama gari. Alikuwa na hakika asubuhi. Sasa hakika ile ilianza kufumuka, uzi mmoja baada ya mwingine.

Basi akafanya kazi anayoijua. Alikata kipande cha mpini wa fagio, kirefu kama kidole. Akakizungushia turubai, akakishonea kofia juu yake. Akakisukuma ndani ya tundu. Kikaingia, kikakaa.

"Nani kasema nahitaji kiwanda?" alijisifu.

Kesho yake gari likanuka petroli. Mkewe akafungua vioo vyote na bado akapiga chafya. Siku iliyofuata taa ndogo ya njano ikawaka mbele ya usukani. Fundi Kofia akaigonga kwa kidole. Haikuzimika. Aliziba tundu, harufu ikazidi. Alitengeneza, gari likaugua. Hakuelewa kitu.

Jirani yao alikuwa makenika. Watu walimwita Bi Spana, kwa sababu hata sokoni alikwenda na spana mfukoni. Fundi Kofia akampelekea gari.

Bi Spana akafungua kijimlango cha ubavuni. Akaivuta ile kofia ya turubai, akaitazama mbele na nyuma.

"Jirani, huyu ni mtoto wa nani?"

"Ni kifuniko. Cha kwake kimeibwa."

"Hakuna aliyeiba. Gari hili halijawahi kuwa na kifuniko tangu liundwe."

"Bi Spana, usinitanie."

"Njoo uone. Inama. Humo ndani kuna kijilango chenye springi. Kimejifunga, unaona? Mdomo wa bomba la kituoni una unene wake maalumu. Ukiingia, unabana vishikizo vya pembeni, mlango unafunguka. Ukitoka, mlango unajifunga wenyewe."

"Mbona fagio langu liliingia?"

"Kwa bahati mbaya unene wake ulilingana! Umeufungua mlango, ukauwekea kigingi. Mvuke wa petroli ukapita kwenye kitambaa, ndiyo harufu hiyo. Mvuke ule ukikutana na cheche unaweza kuwaka moto. Gari likagundua linavuja, likawasha taa. Usizibe tena. Usiingize kijiti wala mpira mwembamba, utavunja mlango."

"Na nikiishiwa mafuta njiani, nikapata ya kwenye dumu?"

Bi Spana akafungua buti. Akatoa faneli ndefu nyeusi ya kumiminia mafuta chini ya tairi la akiba.

"Tumia hii. Imetengenezwa kwa tundu hili. Faneli yoyote ya jikoni haitafungua mlango, na mafuta yatamwagika. Kituoni, bomba lizamishwe mpaka mwisho. Pampu ikikata mafuta yenyewe, hesabu mpaka kumi ndipo ulitoe, ili matone yaingie tangini. Na ufute vumbi mdomoni kwa kitambaa safi. Taa itazimika yenyewe baada ya siku chache. Isipozimika, urudi."

Fundi Kofia hakusikia sana habari ya taa.

"Kwa hiyo yule binti..."

"Binti gani?"

 Fundi Kofia alikuwa tayari kwenye usukani.

Kituoni foleni ilikuwa ndefu. Fundi Kofia hakwenda ofisini. Alisimama katikati ya pampu, palepale alipopiga kelele.

"Jamani, juzi nilisema nimeibiwa hapa. Sikuibiwa. Nilikuwa sijui, na nilipiga kelele ili nisionekane sijui. Njooni mtazame, humo ndani mna mlango unaojifunga wenyewe."

Madereva wakasogea. Msimamizi akainama, akabonyeza kijilango kwa kidole. Hakikufunguka. Akainuka, uso umemshuka.

"Hata mimi sikujua," alisema. Akatoa simu, akampigia binti.

Binti alifika kabla ya adhuhuri. Fundi Kofia akampokea kwa mikono miwili.

"Nimekukosea, binti yangu. Nisamehe."

"Nimekusamehe, baba. Lakini ulipaza sauti sana."

Akavaa kizibao chake. Akazamisha bomba, pampu ikakata, akahesabu mpaka kumi pamoja na madereva. Halafu akachukua chaki, akaandika kwenye ubao wa kituo:

*Gari lisilo kofia, usidhani imeibwa;*
*mlango hujifungia, wenyewe bila kuzibwa.*

Wiki iliyofuata taa ya njano ilikuwa imezimika, na gari halinuki. Fundi Kofia alikuja na kifurushi. Ndani mlikuwa na kofia ya buluu yenye ukingo mpana.

"Gari langu halihitaji," alisema. "Wewe unasimama juani kutwa."

Binti akaijaribu. Ikamkaa sawasawa.

"Asante, baba. Ila hii nayo ikipotea, usije ukaniita mwizi."