Shubiri Moja ya Uzi wa Kanzu

Zama zile ndege zilikuwa za mbao na kitambaa, na Tanga nzima ilikuwa na moja tu: mabawa mawili juu, mawili chini, viti sita, na mifuko ya barua nyuma. Rubani wake alikuwa Stavro, Mgiriki aliyekulia katika mashamba ya mkonge. Kitambaa cha bawa la chini kilipochanika, alimwita Mwinyikai bin Shehe, mshona kanzu wa Chumbageni, mtu wa majivuno, aliyezoea kusema, "Uzi wangu haukatiki."

Alishona siku tatu. Siku ya tatu uzi wa kitani uliopakwa nta ukamwishia, ikabaki shubiri moja. Angesema, angeletewa. Lakini aombe uzi, yeye Mwinyikai? Akamalizia kwa uzi wa kanzu, akapaka rangi juu, akanyamaza.

Loo! Hakuijua desturi ya Stavro.

"Haya fundi, panda," rubani alimwambia asubuhi ya safari, mbele ya nusu ya mji. "Aliyeshona hutangulia. Abiria watafuata kesho."

Mkewe Mwanasiti alikuwa pale, na mafundi wenzake walikuwa pale, meno nje. Neno moja lingemwokoa, lakini aibu ikalishinda. Akapanda na joho lake la sherehe, jasho likimtiririka.

Katikati ya mkondo wa Pemba akautazama mshono wake kupitia dirisha. Ulikuwa ukifumuka, tundu baada ya tundu. Kitambaa kikaanza kupiga, paa! paa! Ndege ikalalia upande, na chini kulikuwa na maji matupu.

"Niitose ndege baharini kabla bawa halijaisha!" Stavro akapiga kelele.

"Usitose, sijui kuogelea!" Mwinyikai alilia waziwazi. "Ni shubiri ya mwisho tu, Bwana Stavro! Niliishiwa uzi, nikatia wa kanzu!"

Rubani akageuka, uso umemparama. "Shubiri moja tu? Una hakika?"

"Wallahi, moja! Kwingine kote ni uzi wa nta."

"Basi itafumuka hadi hapo, ikome. Ukinidanganya tena, tumekufa wote wawili."

Akaigeuza ndege polepole kuelekea Tanga. Mwinyikai hakulitoa jicho kwenye bawa. Mfumuko ukafika kwenye uzi wa nta, ukatikisika, ukakoma. Alisoma kila dua aliyofundishwa chuoni, nyingine mara mbili.

Walipotua, mikono ya Stavro iligoma kuuachia usukani. Watu wakaja mbio. Mwinyikai akasema mbele yao wote, "Niliishiwa uzi, nikaona haya."

"Mficha maradhi kifo humuumbua," Mwanasiti akamwambia, akilia. "Shukuru umewahi kusema."

Mwinyikai akashona upya, kwa uzi wa nta. Kesho yake akapanda kabla ya kuitwa, jasho likimtiririka vilevile.

Gazeti lilimtaja rubani peke yake. Lakini Chumbageni, kwa miaka mingi, fundi aliyejisifu aliulizwa swali moja tu: "Wewe, utaipanda?"