Mpangaji wa Mvunguni

Soko lilikuwa limefurika, watu bega kwa bega, wauzaji wakishindana kupaza sauti. Mshonaji alikuwa akitoka kununua vitambaa, kikapu mkononi, gauni la kijani alilojishonea mwenyewe likimkaa sawasawa. Mara muuza samaki akafoka, fimbo ikapaa, na paka mwembamba wa rangi ya majivu akachomoka chini ya meza, akaruka moja kwa moja ndani ya kikapu.

"Mwizi wangu huyo! Mlete hapa!"

Kabla Mshonaji hajafumbua mdomo, kijana aliyevaa ovaroli yenye madoa ya rangi akajipenyeza katikati. "Mzee wangu, kichwa cha samaki tu! Si ungekitupa? Weka fimbo chini." Kisha akachungulia kikapuni, akatabasamu. "Hongera, dada. Umepata mtoto."

"Mtoto gani? Mtoe, hariri ya watu hiyo!"

"Hatoki huyo. Mimi ni mpaka rangi, nashinda kwenye nyumba za watu, atakufa njaa. Wewe, kwa vitambaa hivi, naona unashonea nyumbani. Mchukue, mafunzo nitakupa kwa simu."

"Kumbe siku hizi ndivyo mnavyoomba namba?"

"Namwombea paka, dada. Mimi nafuata nyuma tu."

Mshonaji akacheka bila kutaka. Wakapeana namba.

Siku ya pili alimpigia akiwa amewaka. "Njoo umchukue mgeni wako! Kaingia mvunguni hatoki, hali, nikimsogelea anataka kunirarua, na kitambaa cha mteja kakikojolea!"

"Umemfuata mvunguni?"

"Ningefanyaje?"

"Mwache. Chumba kimoja kinamtosha kwanza. Mwekee boksi la mchanga pembeni, mbali na chakula. Halafu kaa chini na kazi yako, usimtazame machoni, ongea kawaida tu. Na ushike kipande cha samaki. Mkono mtupu haulambwi."

"Yaani nikae niongee na paka?"

"Ongea na mimi. Yeye atasikiliza."

Basi mapenzi yakaingilia hapo. Kila alasiri Mshonaji aliketi sakafuni akipinda mapindo, simu kaibana kwa bega, akicheka hadi sindano inamchoma. Yeye akamwita kijana Rangi. Kijana akamwita Sindano. Huko mvunguni ilitokea pua, kisha masharubu, hata siku moja paka mzima akaja akala kiganjani.

"Rangi! Amekula mkononi mwangu!" alinong'ona, machozi yakimlenga.

"Mwambie namwonea wivu, Sindano wangu."

Walimpa jina la Mpangaji, kwa kuwa alikula, akalala, na kodi hakutoa. Rangi akawa hatoki pale. Alipaka kuta za chumba manjano hafifu, na siku aliyomaliza, brashi ikiwa bado mkononi, alisimulia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Wazazi walimfia mapema, akalelewa kwa mjomba. Siku moja mke wa mjomba alimtupia nguo zake nje, akamwambia yeye ni wa kuokotwa tu. Dada yake mkubwa, aliyekuwa kaolewa mbali, ndiye aliyekuja kumchukua.

Mshonaji alimfuta tone la rangi shavuni. "Hapa hakuna atakayekutoa, mpenzi."

Jumamosi moja Mshonaji alimpigia Rangi, akapokea mwanamke.

"Halo? Yuko bafuni anaoga. Nimwambie nani?"

Mshonaji akakata. Aliwahi kuwa na mchumba, na usaliti wa yule aliugundua kwa simu ya namna hiyo hiyo. Hakuuliza, hakungoja. Jioni Rangi alipobisha hodi, shati jeupe limenyooshwa, uso wa mtu mwenye siri tamu, alikuta brashi zake nje ya mlango na Mpangaji analia ndani ya boksi.

"Kuna nini, laazizi?"

"Laazizi wako yuko kwako. Chukua brashi zako, na paka wako!"

"Hebu nisikilize..."

"Sisikilizi! Kosa ni langu. Cha kuokotwa kirudi kilikookotwa!"

Rangi aliliangalia boksi, akamwangalia yeye. Akainama, akalibeba boksi kwa mikono miwili, akashuka ngazi.

Hasira hasara. Wiki haijaisha, mwanamke wa makamo akaja kwa Mshonaji, begi la safari begani. "Mimi ndiye niliyepokea simu. Ni dada yake. Nilitoka mbali kuja kumwona wifi yangu, naye alitaka kunileta kwako jioni ile ile. Nimeona nisiondoke bila kukwambia."

Mshonaji akatafuta kiti kwa mkono, hakukiona.

Alipiga simu, haikupokelewa. Kesho yake akaenda mwenyewe. Rangi alimkaribisha kwa adabu, kama anavyokaribishwa mgeni.

"Nimekosa. Nisamehe."

"Nimeshakusamehe."

"Basi turudi nyumbani."

"Nijibu kitu kwanza. Neno lile ulimwambia paka, au uliniambia mimi?"

Uongo ulikuwa tayari ulimini, mtamu, mwepesi. Akautazama uso ule aliokuwa akiufuta rangi, akashindwa.

"Wewe. Nilijua panapokuuma, nikapiga hapo hapo."

Rangi akatikisa kichwa taratibu. "Ahsante. Ungenidanganya, ningerudi. Nakupenda, Sindano. Lakini kila utakaponuna nitakuwa naangalia nguo zangu ziko wapi. Maisha hayo nimeshayaishi."

"Na Mpangaji?" Mshonaji akauliza.

"Yuko mvunguni. Jana ndiyo ameanza kula. Tusimhamishe tena."

Alishuka ngazi akishika ukuta. Hajafika chini, simu ikalia. Moyo ukamruka, akaitoa mkobani nusura aidondoshe.

"Fundi," sauti ya mteja ikasema, "sare za mwanangu tayari?"

Alijifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Tayari, mama. Vimebaki vifungo."

"Mbona sauti hiyo?"

"Mafua tu. Njoo, mama. Nipo nyumbani."