Bastola ya Mume wa Jeannine

Apa hutamwambia mtu. Mimi pia niliapa, na hivi nakuambia.

Shoga yangu Jeannine alipeleka bastola ya marehemu mumewe, fundi wa vyuma aliyeshinda na tupa mkononi, kwa Marcellin, mkaguzi wa silaha wa mtaa wa Kensington. Ikithibitishwa kuwa ya kale, angebaki nayo bila leseni.

"Mama Jeannine, hii si ya kale. Iache hapa, usije ukafungwa."

"Na mwaka uliochongwa chini ya mtutu?"

"Ngoja niutafute."

Umeme ukakatika, duka halina dirisha. Gizani ikasikika tupa ikisugua chuma: krr, krr. Mteja mmoja aliyekuwa akingoja zamu akawasha taa ya simu. Marcellin kashika tupa, mwaka umefutika nusu.

"Eish! Mwizi wa wajane!" mteja akapiga kelele.

Tupa ikamponyoka, ikaanguka sakafuni.

Krr, krr, ikaendelea, ndani ya kasha tupu la bastola alilopakata Jeannine.