Uvimbe Aliouficha Mama

Kila alasiri, akishavua sare ya shule na kula, Chiriku alikaa kando ya cherehani ya mama yake akifumua nyuzi za nguo za wateja. Jina hilo la utani alipewa na mama mwenyewe, maana mdomo wa binti huyo haukujua likizo. Mama akishona, Chiriku akiongea, kazi ilikwenda.

Siku moja aliokota kapuni blauzi ya mama. Kwapa la kushoto lilikuwa limefumuliwa na kuongezwa kitambaa. La kulia halikuguswa.

"Mama, mbona umepanua upande mmoja tu?"

Cherehani ikanyamaza. Mama aliushika mkono wa binti yake, akaupeleka chini ya kwapa lake. Chiriku aligusa kitu kigumu, kikubwa kama yai la njiwa. Mwaka uliopita mama alipatikana na saratani ya titi. Alipasuliwa, kisha akaanza kumeza vidonge vinavyolenga seli za ugonjwa huo, na uvimbe uliokuwa umebaki ukanywea. Nyumba nzima ilipumua.

"Mama, twende hospitali!"

"Wee, nyamaza! Daktari akijua, atanikatia vidonge, na hivyo ndivyo vilivyoniweka hai. Safari hii, Chiriku wangu, funga mdomo."

Chiriku aliahidi, lakini ahadi ile haikumpa amani. Darasani aliulizwa swali la hesabu akajibu la jiografia. Lililomtesa zaidi ni kwamba yeye ndiye aliyekuwa akimkumbusha mama kumeza dawa, na kuna jioni moja alisahau kwa sababu ya mchezo. Alijiona kuwa ndiye aliyeurudisha ugonjwa.

Siku ya kliniki walikwenda pamoja. Mama alijitanda mtandio mzito, ingawa jua lilikuwa kali.

"Kuna lolote jipya, mama?" daktari aliuliza.

"Hakuna, Daktari. Buheri wa afya! Leo tusipimane, niandikie tu dawa zangu. Wateja wamejaa mlangoni."

Daktari alishika kalamu. Chiriku aliitazama. Akisema, atamsaliti mama. Akinyamaza, mama atarudi nyumbani na uvimbe wake.

"Ana uvimbe kwapani!" alisema, machozi yakimtoka. "Na kosa ni langu! Siku moja nilisahau kumkumbusha kidonge!"

Mama alimkata jicho. Daktari aliweka kalamu chini, akamwomba mama avue mtandio, akampima. Kisha akamgeukia Chiriku.

"Mwanangu, kidonge kimoja hakiwezi kuleta haya. Seli za saratani zina mlango wa kupokelea amri ya kukua, na dawa hii huuziba. Nyingi hufa. Lakini chache zinaweza kubadilika, zikatoboa mlango wa nyuma. Hapo dawa inalinda mbele, nazo zinapita uani. Huo ndio usugu wa dawa, na nadhani ndio uliotupata. Kipimo kitatuambia."

"Kwa hiyo utanikatia vidonge?" mama aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nitavikata, mama, ili nikupe vinavyofaa."

Alichukua kipande kidogo cha ule uvimbe kwa sindano. Siku za kusubiri majibu zilikuwa ndefu. Mama alishona suruali moja miguu miwili ya kulia, wala hakuna aliyecheka. Majibu yalipotoka, daktari alikuwa amekisia sawasawa. Mama alibadilishiwa dawa, akapewa ya kuziba na mlango ule wa nyuma. Baada ya wiki kadhaa, vidole vya daktari viliupata uvimbe kwa shida.

"Na hii ikishindwa?" Chiriku aliuliza.

"Huenda siku moja ikashindwa, sikudanganyi. Tutatafuta nyingine, lakini lazima tujue mapema. Wahenga walisema mficha maradhi kifo kitamuumbua. Mwili ukibadilika, semeni siku hiyohiyo. Siri ya ugonjwa haimlindi mgonjwa, inaulinda ugonjwa. Wewe umesema ukweli huku unaogopa, na ukweli wa namna hiyo ndio mgumu kuliko wote."

Mama akamvuta binti yake kifuani.

"Niliogopa kunyang'anywa vidonge, mwanangu," alisema. "Nusura kifo kininyang'anye wewe."